Mwenye Chumvi Anayeomba Chumvi

Ndugu zangu, kabla hatujafika kwenye dua, twendeni kwanza tukaketi barazani kwa karani mmoja mstaafu. Mtaa wake siutaji. Nikiutaja, nusu yenu mtasema, "Alhamdulillahi, si wetu," halafu mtaanza kuangalia saa.

Karani huyu alifanya kazi miaka thelathini na moja katika masjala ya serikali, kwenye chumba cha mafaili, na alitoka huko na imani moja kubwa: kwamba jambo lisilokuwa na fomu bado halijatokea. Aliishi na mkewe katika kichochoro chenye nyumba saba, kilichozibwa mwisho kama soksi. Nyumba ya kwanza ilikuwa pale barabarani. Ya saba, yake yeye, ilikuwa ndani kabisa, imeegemea ukuta wa ghala, na barazani kwake mtu aliweza kuona milango yote sita ya wenzake bila kugeuza shingo. Kwa mtu wa masjala, hiyo ilikuwa neema.

Zilipobaki wiki tatu watu wapige kura, mji ukaanza kunong'ona. Hakuna aliyekuwa na hakika ya chochote, ila kila mtu alikuwa na binamu anayefanya kazi mahali fulani, na binamu huyo alikuwa amesikia. Mafundi wa kuchomelea mageti wakapata kazi kuliko wakati wa sikukuu. Ndipo ofisi ya mtaa ikatoa waraka: kila kichochoro kiunde Kamati ya Utayari, na kila kaya ijaze Fomu ya Utayari, kurasa nne, nakala tatu.

Wengi waliipokea fomu ile wakafungia maandazi. Karani aliipokea kama mzazi anayepokea barua ya mwana aliye ng'ambo. Akavaa miwani, akafuta meza, akamwita mkewe aje akae.

"Swali la tisa," akasema. "Maji. Kaya ina maji ya siku ngapi?"

"Mapipa mawili," mkewe akajibu.

"Swali la kumi. Nafaka."

"Umenunua mchele magunia mawili. Nani ataula wote huo? Mimi nimekatazwa."

"Swali haliulizi nani ataula. Linauliza kama upo." Akatia alama ya vema. "Kumi na moja, mishumaa. Ipo. Kumi na mbili, kufuli za milango…"

"Na dawa yangu?"

Karani akapekua kurasa, mbele, nyuma, mbele tena. Mkewe alikuwa na ugonjwa wa sukari, anajichoma insulini asubuhi na jioni kwa miaka sita, na jambo hilo halikujulikana nje ya kuta zile. Hata sindano zilizotumika alizitia katika kopo la maziwa ya unga, akalisukuma chini ya kitanda, likijaa analipeleka kliniki limefungwa kwenye kanga. Karani ndiye aliyetaka iwe hivyo. Mambo ya nyumba, alisema, ni faili la siri.

"Haina kisanduku," akasema mwishowe.

"Si kuna pale chini, 'Mengineyo'?"

"Mengineyo ni kwa matumizi ya ofisi tu."

"Sasa?"

"Sasa kadi yako ya kliniki inasema Jumatano baada ya kura. Tutakwenda Jumatano kama kawaida. Ipo kwenye kadi!"

Mkewe akamtazama, akanyanyuka kwenda kutazama sufuria. Ninyi mliooa mnalijua jicho hilo.

Karani akawa mwenyekiti wa Kamati ya Utayari, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeutaka uenyekiti. Kazi ya kwanza ilikuwa geti. Watu walidhani litawekwa mdomoni mwa kichochoro, mbele ya nyumba ya kwanza. Sivyo. Afisa wa mtaa alikuja na ramani, akaikunjua juu ya boneti ya gari, na ramani ikasema nyumba ya kwanza na ya pili zimo katika mtaa mwingine. Mpaka ulipita katikati ya kichochoro, kati ya nyumba ya pili na ya tatu, mahali ambapo macho ya kawaida yaliona mfereji na paka.

"Lakini hawa ni wenzetu," akasema mama mmoja.

"Kijamii, ndiyo," akasema afisa. "Kiutawala, hapana."

Basi geti likasimama kati ya ya pili na ya tatu, likawaacha nje watu wa nyumba mbili. Likawekwa kufuli mbili, na funguo zikashikwa na watu wawili, karani na makamu wake, maana mwongozo ulitaka hivyo ili kuzuia matumizi mabaya ya geti. Mkiniuliza geti hutumiwaje vibaya, sijui. Labda kwa kupita.

Sasa, nje ya geti, katika nyumba ya kwanza, alikaa kinyozi. Duka lake lilikuwa chumba cha mbele. Kwa miaka kumi na moja karani alinyolewa pale kila Ijumaa kabla ya swala, na bango la bei lililoning'inia juu ya kioo ni yeye aliyeliandika, kwa ule mwandiko wake wa masjala wenye mikia mirefu. Lakini mwaka ule kinyozi alitundika mlangoni bendera ya chama ambacho karani hakukipenda. Tangu siku hiyo karani akawa anajinyoa mwenyewe nyumbani. Kidevu chake kilitoa ushahidi.

Na bado sijafika kwenye jambo lililomnyima raha. Lilitoka nyumba ya tano, kwa mama mmoja mjane aliyeuza vitumbua asubuhi na achari ya ndimu jioni. Mama huyu alianza kupita mlango hadi mlango na bakuli la bati la bluu, akiomba chumvi. Jumatatu nyumba ya nne. Jumanne ya sita. Akabisha hata kwa karani mwenyewe, akapokewa na mkewe, na kijiko kimoja cha chumvi kikachukua saa nzima. Alhamisi karani akamwona akitoka kwa kinyozi, ng'ambo ya geti, na bakuli lilelile mkononi, anacheka.

Kuomba chumvi si ajabu. Ajabu ni kwamba karani, kwa macho yake mawili na miwani, alikuwa ameona toroli likishusha gunia zima la chumvi mlangoni kwa mama yule, maana achari haitengenezwi kwa dua. Mtu mwenye gunia la chumvi anaomba chumvi ya nini? Je, wewe ungelala? Karani hakulala. Ijumaa akavaa kofia, akaenda.

"Hodi hapa."

"Karibu baba. Shikamoo."

"Marahaba. Mama, mimi si mtu wa kuingilia mambo ya watu."

"Najua, baba. Wewe huyatazama tu."

Karani akakohoa. "Una gunia la chumvi nyuma ya mlango. Nililiona likishushwa."

"Na mimi nilikuona ukiliona."

"Sasa mbona unaomba? Umeomba nyumba ya nne, ya sita, kwangu, na jana hata kwa yule… hata kule nje."

"Walinipa wote. Watu wa hapa wana mikono mizuri."

"Sikuulizi kama walikupa! Nakuuliza unaomba ya nini!"

Mama akageuza kitumbua kwenye mafuta, taratibu. "Baba, nikikwambia utaandika."

"Nitaandika nini?"

"Hicho ndicho nisichokijua. Chukua kitumbua, hiki kimeiva vizuri."

Akala viwili, akarudi nyumbani na maswali mengi kuliko aliyoondoka nayo. Fomu ilikuwa bado mezani, limebaki swali la mwisho, la thelathini na moja: "Taja kaya za kutiliwa shaka, pamoja na sababu." Karani alimaliza masjala bila kuacha swali tupu hata siku moja. Akafikiri. Akakumbuka kwamba wiki ileile, katika taka za nyumba ya kwanza, mbwa walipokuwa wamezitawanya, aliona sindano zilizotumika. Akaandika kwa mwandiko wake mzuri: "Kinyozi, nyumba ya kwanza. Nje ya eneo, lakini inaonekana. Nyembe nyingi. Sindano katika taka, dalili ya dawa za kulevya. Hutembelewa na muuza vitumbua kwa sababu zisizoeleweka." Akatia sahihi, akapeleka.

Ndugu zangu, kopo la maziwa ya unga lilikuwa chini ya kitanda chake, futi nne kutoka meza ile. Aliandika "sindano" na hakusikia chochote. Sindano za ndani zilikuwa matibabu, sindano za nje zilikuwa dalili.

Kura zikapigwa Jumapili, kwa foleni na jua. Jumatatu makamu mwenyekiti akaaga kwamba anakwenda shamba mara moja kuangalia mihogo yake. Jumanne matokeo yakachelewa, na usiku karani akalibana geti kwa kufuli zote mbili. Jumatano asubuhi moshi ukaonekana upande wa sokoni, simu zikaacha kushika, na mkewe karani akatoka chumbani amevaa baibui, ameshika kadi ya kliniki na kichupa kitupu. Insulini ya mwisho alikuwa ameichoma jana yake jioni.

Wakashuka mpaka getini. Karani akafungua kufuli lake. Wakalitazama la pili. Ufunguo wake ulikuwa shambani, mfukoni mwa makamu, katikati ya mihogo. Karani akalitikisa. Akaligonga kwa jiwe. Lilikuwa kufuli zuri, alilichagua mwenyewe, na kwenye ripoti alikuwa ameandika kwamba halivunjiki. Ripoti ilikuwa sahihi. Na huko barabarani matairi yalikuwa yakiungua, na askari wanamrudisha kila apitaye.

"Tuwaambie watu," mkewe akasema. "Labda yupo mwenye njia."

"Tuwaambie nini? Kwamba mwenyekiti wa utayari hakujitayarisha?"

Wakarudi ndani. Jioni mwanamke yule alianza kuona kiu isiyokatika. Alikunywa maji ya pipa, vikombe na vikombe, na karani akawa anamchotea, anajiambia, maji tunayo, maji tunayo. Alhamisi asubuhi alikuwa amelala kitini, anapumua kwa nguvu kama aliyepanda ngazi, anajibu maswali ambayo hayakuulizwa. Karani alisimama katikati ya mchele wake, mishumaa yake, na kufuli tatu za akiba, na kwa mara ya kwanza maishani akaona jinsi fomu iliyojazwa yote inavyoweza kuwa tupu.

"Hodi uani!"

Sauti ilitoka nyuma, juu ya ukuta wa jikoni. Mama wa vitumbua alikuwa amekaa pale juu kama amepanda punda, bakuli la bluu kwapani.

"Dada hajatoka tangu jana," akasema, akateremka bila kungoja kukaribishwa. Akaingia, akamshika mgonjwa paji la uso. "Dada. Dada yangu. Umechoma lini?"

"Juzi… jioni."

Karani akashtuka. "Wewe umejuaje habari za kuchoma?"

"Baba, chumvi nilipewa nimesimama. Hiyo saa iliyobaki nilikuwa nimeketi. Nipe kichupa kilichoisha. Upesi. Zipo za namna mbalimbali, lazima yake ifanane."

Akampa. Mama akakitia kwenye bakuli, akaenda ukutani, akamkabidhi mtu aliyekuwa upande wa pili. Karani akaburuta magunia ya mchele hadi ukutani, akapanda juu yake achungulie, na hapo ndipo yale magunia yalipofanya kazi yao ya kwanza. Akaona bakuli la bluu likienda. Kutoka uani kwa nyumba ya sita likapita kwenye tundu la matofali ambalo hakuwahi kulijua. Nyumba ya tano, ya nne. Nyumba ya tatu, yenye mbwa mkali anayeogopwa na afisa wa mtaa, mbwa alikuwa amelala ubavu. Geti lilikuwa limesimama kichochoroni na kufuli lake zuri, na bakuli likapita nyuma yake, ukuta kwa ukuta, hadi ya pili. Halafu ukainuka mkono mmoja wa mwisho kulipokea, mkono uliovaa koti jeupe.

Koti la kinyozi.

Bakuli lilirudi kwa njia ileile, na maneno yakirudi nalo kutoka mdomo hadi mdomo. Ndani mlikuwa na kichupa kilichozungushiwa kitambaa chenye maji, na pembeni fungu la chumvi, maana kichochoro kile hakikuwa na desturi ya kurudisha chombo cha mtu kitupu.

"Anasema amesoma kichupa, ni kama yake," mama akapokeza. "Amesema dada aanze na kipimo chake cha kawaida, asizidishe, apime kama kawaida yake, na njia ikifunguka tu apelekwe hospitali. Alikuwa navyo viwili, kimoja kwako, kimoja chake. Na anauliza kidevu kinaendeleaje."

Mchana mgonjwa akaanza kujibu maswali yaliyoulizwa. Jioni akauliza nani amemwaga mchele. Karani akatoka uani, akamkuta mama anaosha bakuli.

"Mama. Sitaandika. Niambie."

Akajifuta mikono. "Niliposikia habari za vurugu, baba, nilitaka kujua nani humu hawezi kukimbia, nani anatumia dawa gani, ukuta wa nani una tundu, mbwa wa nani anauma. Ningekwenda kuuliza hivyo, si mngeniita askari? Lakini mwomba chumvi hufunguliwa, na chumvi inapotafutwa kabatini watu huzungumza. Kwangu mimi chumvi ilikuwepo. Watu ndio sikuwa nao."

Ijumaa askari wakafungua njia. Jumamosi mji ukatulia, makamu akarudi na ufunguo na mihogo, mkewe karani akapelekwa kliniki na mama wa vitumbua, na karani mwenyewe akaenda nyumba ya kwanza, akaketi kwenye kile kiti cha miaka kumi na moja. Kinyozi akamfunga shuka. Akampaka povu. Amekwisha kunyoa shavu la kulia, wembe umefika shingoni, mara mlangoni wakasimama askari wawili na afisa wa mtaa, ameshika karatasi.

"Tunafuatilia taarifa," akasema afisa. "Nyembe nyingi. Sindano. Tutapekua."

"Taarifa ya nani?" akauliza kinyozi.

"Mtoa taarifa hatajwi."

Lakini alikuwa ameishika karatasi wazi, na kinyozi alikuwa na macho. Akautazama mwandiko wenye mikia mirefu. Akainua macho, akatazama bango la bei juu ya kioo. Kisha, katika kioo, akamtazama mtu aliyekuwa chini ya wembe wake. Nani kati yenu angependa kuwa kwenye kiti kile?

Wembe haukutikisika. Ukaondoka shingoni, ukawekwa mezani.

Karani akainuka, povu upande mmoja. "Aliyeandika ni mimi," akasema. "Na niliandika vibaya. Njooni." Akawapitisha getini, wazi mchana, kichochoro kizima kinatazama, mpaka chumbani kwake. Akapiga magoti, akavuta kopo la maziwa ya unga, akalifungua mbele yao na mbele ya majirani waliojaa mlangoni. Lilikuwa na sindano tele. "Hizi ni za mke wangu. Ana sukari, miaka sita. Za kinyozi ni kama hizi, na mke wangu yu hai kwa dawa ya mtu yule. Andikeni hivyo. Andikeni na nyumba yangu."

Afisa akaigeuza fomu, mbele, nyuma.

"Mzee," akasema kwa upole, "hii haina kisanduku."

Wakaondoka. Karani akarudi nyumba ya kwanza, akasimama mlangoni, hajui kama ana ruhusa ya kuvuka kizingiti. Kinyozi alikuwa bado amesimama kando ya kiti, kitambaa begani.

"Kaa, mzee," akasema. "Upande mmoja bado."

Sasa turudi kwetu, maana na sisi tunangoja kura, na binamu zetu nao wamesikia. Sisemi msiweke maji. Wekeni. Nunueni mishumaa, hifadhini unga, na mwenye dawa achukue ya kutosha kabla, fomu iulize isiulize. Lakini tuulizane humu ndani, kila mtu na moyo wake: katika nyumba inayofuata yako, nani hawezi kukimbia? Wanatumia dawa gani? Na yako wewe, nani anaijua? Yule uliyeacha kumsalimia kwa sababu ya kitambaa alichotundika mlangoni, una hakika alichonacho kabatini sicho utakachokililia Alhamisi asubuhi?

Tunayaogopa maovu ya wenzetu tusiyoyaona, na dalili zake tumeziweka chini ya vitanda vyetu wenyewe.

Basi mkitoka hapa leo, msipitie dukani. Kila mmoja achukue bakuli, aende kwenye mlango ule aliouacha, akaombe chumvi. Mwenye gunia zima nyumbani ndiye atangulie. Na mkiambiwa karibuni, msiseme mna haraka. Ketini.